Afya: Uvimbe sugu wa miguu na mikono unaweza kupungua, lakini masaji peke yake hayatoshi

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo, mtu aliyevimba mguu kwa miaka mingi huambiwa maneno mawili: ametegwa, ao ugonjwa wake hauna dawa. Neno la kwanza si kweli. La pili ni nusu ya kweli tu. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauponi kabisa, lakini unaweza kupungua, mtu akavaa tena kiatu na kurudi shambani ao sokoni. Matunzo yanayofanya hivyo yanajulikana tangu karibu miaka mia moja, na sehemu yake kubwa haiombi mashine. Yanaomba mikono iliyofundishwa, bandeji, maji safi, sabuni na uvumilivu.

Kazi ya kwanza katika matunzo hayo ni kusukuma polepole, kwa mikono, maji yaliyokwama chini ya ngozi. Wataalamu wa viungo, ambao wengi huwaita wakine, huiita drenaji ya limfu. Wagonjwa huita masaji. Lakini si masaji ya kawaida, na mwenye kuifanya kama masaji ya kawaida anaweza kumuumiza mgonjwa.

Maji yanayokosa njia

Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake hutoka katika mishipa midogo sana na kuingia kati ya nyama. Maji hayo hubeba protini, vijidudu na mabaki mengine. Yanapaswa kurudi katika damu, na njia yake ya kurudi ni mishipa ya limfu. Mishipa hiyo hupita katika tezi za kwapa, za kinena na za shingo, ambazo huchuja vijidudu, kisha humwaga limfu katika mishipa mikubwa ya damu karibu na mifupa ya mabega, chini ya shingo.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Inasogea kwa sababu mishipa yake yenyewe hujikaza, misuli hutembea na mtu hupumua. Njia hiyo ikizibwa ao ikiharibika, maji hubaki mguuni ao mkononi. Mwanzoni uvimbe ni laini: ukibonyeza kwa kidole, shimo hubaki, na asubuhi mguu huwa mdogo kuliko jioni. Miaka ikipita bila matunzo, ngozi inakuwa ngumu na nene, mikunjo na vinundu vinatokea, na hata usiku mzima wa kulala hauupunguzi tena mguu. Waganga huita hali hiyo limfedema.

Chanzo ni nini?

Huku kwetu vyanzo ni vingi, na viwili kati yake hushika zaidi miguu ya watu maskini.

Cha kwanza ni matende, ugonjwa ambao wengi huuita mguu wa tembo. Mbu humwambukiza mtu minyoo midogo kama nyuzi. Minyoo ikikomaa huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Mara nyingi mtu huambukizwa akiwa mtoto, na mguu huvimba akiwa mtu mzima. Kwa wanaume, ugonjwa huu hujaza maji pia katika mfuko wa korodani.

Cha pili kinajulikana na wachache, ingawa kiko chini ya miguu yetu. Kinaitwa podokoniosi. Hakina mbu wala minyoo, na hakiambukizi. Kinatokana na udongo mwekundu wa milima ya volkano, kwenye mvua nyingi na baridi. Mtu akitembea na kulima bila viatu kwa miaka mingi, chembe ndogo sana za udongo huingia katika ngozi ya nyayo na kuharibu mishipa ya limfu. Si kila mtu anapata, kwa sababu urithi wa damu una sehemu yake, ndiyo maana ugonjwa huonekana katika familia moja na watu husema ukoo umelaaniwa. Ernest Price, munganga Mwingereza aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba chanzo ni udongo. Nchini Rwanda, uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2017 ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30. Milima ya Virunga iko pande zote mbili za mpaka, na mkulima asiye na viatu hukanyaga udongo wa namna hiyo kwa pande zote mbili.

Matende na podokoniosi hutofautiana kidogo kwa macho. Podokoniosi huanza kwenye vidole na nyayo, hupanda polepole, mara nyingi hushika miguu yote miwili na husimama chini ya goti. Matende mara nyingi hushika mguu mmoja zaidi, na yanaweza kupita goti.

Kuna pia wamama waliopasuliwa kwa sababu ya saratani ya titi. Munganga akitoa tezi za kwapa, ao zikichomwa na miale, mkono wa upande huo unaweza kuvimba baada ya miezi ao hata miaka. Kufuatana na tafiti zilizokusanywa pamoja, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliotolewa tezi nyingi za kwapa hupata uvimbe huo. Wengi hutoka hospitali bila kuambiwa jambo hilo, na mkono ukivimba wanafikiri saratani imerudi. Inaweza kuwa imerudi, kwa hiyo ni lazima kupimwa. Lakini mara nyingi ni limfu iliyokosa njia.

Si kila uvimbe ni wa limfu

Kabla mkono wowote haujagusa mguu uliovimba, munganga ao muuguzi anapaswa kujua uvimbe umetoka wapi. Moyo uliochoka, figo na ini vinaweza kuvimbisha miguu yote miwili. Njaa ya muda mrefu pia. Mama mwenye mimba anayevimba uso na mikono, huku kichwa kikimuuma, anapaswa kupimwa msukumo wa damu siku hiyo hiyo. Mguu mmoja unaovimba ghafula, wenye maumivu na joto, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuusugua kunaweza kupeleka donge hilo mapafuni na kumuua mtu. Kuna pia saratani ya Kaposi, ambayo katika eneo letu ilijulikana hata kabla ya Ukimwi. Huleta madoa na vinundu vyeusi ao vya zambarau mguuni, na huvimbisha.

Kuna kipimo kimoja kisichoomba chombo chochote. Shika ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, kwenye shina lake, na ujaribu kuinyanyua kwa vidole viwili. Ikikataa kunyanyuka kwa sababu imekuwa nene, ni alama kubwa ya limfedema. Ikinyanyuka, hiyo haimaanishi kwamba ugonjwa haupo, hasa ukiwa mwanzoni.

Kosa la mara kwa mara ni kununua vidonge vya kukojoza kwenye duka la dawa. Vidonge hivyo husaidia uvimbe wa moyo ao wa figo, kwa agizo la munganga. Kwa limfedema havisaidii, kwa sababu hutoa maji na kuacha protini, nayo protini huyavuta maji tena.

Mkono mwepesi, kuanzia shingoni

Drenaji ya kisasa ilianzishwa na Emil Vodder na mke wake Estrid, Wadenmarki wawili waliofanya kazi Cannes, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo waganga waliogopa kugusa tezi zilizovimba. Wao walizigusa polepole, wakaona uvimbe unapungua, na mwaka 1936 wakatangaza kazi yao mjini Paris. Baadaye, nchini Ujerumani, munganga Michael Földi, mzaliwa wa Hungaria, aliiunganisha na bandeji, mazoezi na usafi wa ngozi. Mpango huo wa mambo manne ndio unaofuatwa leo.

Jambo linaloshangaza wagonjwa ni kwamba kine haanzi na mguu uliovimba. Anaanza shingoni, juu ya mifupa ya mabega, ambako limfu inaingia katika damu. Kisha anaenda kwenye kwapa ao kinena, halafu tumboni ao kifuani, na mwishoni kabisa anashuka kwenye mguu: paja kwanza, goti, ndipo unyayo.

Kila dereva wa barabara za tope anaelewa sababu. Kamioni kumi zikikwama kwenye mstari mmoja, hakuna faida ya kusukuma ile ya mwisho. Ni lazima kuondoa ile ya mbele. Mkono hufanya vivyo hivyo: hufungua njia ya mbele, kisha huleta maji yaliyo nyuma. Kama njia ya kawaida imekufa, kwa mfano kwapa lililotolewa tezi, kine hupeleka maji upande mwingine, kwenye kwapa la pili ao kwenye kinena, ambako mishipa bado ni mizima.

Mkono unapaswa kuwa mwepesi sana. Mishipa midogo ya limfu iko chini tu ya ngozi. Kine hatumii mafuta, kwa sababu mkono haupaswi kuteleza: unashika ngozi, unaivuta kidogo kwa mzunguko wa polepole, kisha unaiachilia. Hakuna maumivu, na ngozi haipaswi kuwa nyekundu. Mgonjwa akilia, kazi inafanywa vibaya. Kipindi kimoja huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, na mwanzoni hufanywa karibu kila siku, kwa majuma mawili hadi manne.

Bandeji ndiyo inayolinda kazi

Mtu akifanyiwa drenaji, akasimama na kutembea kwenda nyumbani bila kufungwa kitu, maji yatarudi. Hapo ndipo matunzo mengi huharibika, na watu husema masaji hayafai.

Bandeji inayotakiwa ni ile isiyonyumbuka sana. Hufungwa kwa tabaka, pamba ao kitambaa laini kikiwa chini, kuanzia vidoleni na kupanda. Chini hubana zaidi, juu hupungua. Mtu anapotembea, msuli unajikaza dhidi ya bandeji hiyo ngumu na kusukuma limfu juu, kama pampu. Bandeji ya kunyumbuka kama mpira, ile ya velpo inayouzwa katika maduka mengi ya dawa, haifanyi kazi hiyo vizuri. Hubana hata mgonjwa akiwa amelala, na ikifungwa vibaya hukata damu. Vidole vikiwa baridi, vyeusi ao vikifa ganzi, bandeji inapaswa kufunguliwa mara moja. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni hapaswi kufungwa bila kupimwa kwanza.

Uvimbe ukipungua na kusimama, mgonjwa huacha bandeji na kuvaa soksi ya kubana, ao mkono wa nguo ya kubana, kila siku kuanzia asubuhi. Hiyo ni sehemu ya pili ya matunzo, nayo haina mwisho.

Tafiti zinasema nini

Watafiti waliokusanya majaribio sita juu ya wanawake waliovimba mkono baada ya saratani ya titi walitangaza matokeo mwaka 2015. Bandeji peke yake ilipunguza uvimbe kwa asilimia 30 hadi 38. Drenaji ilipoongezwa juu ya bandeji, ilileta karibu asilimia 7 zaidi, na faida ilikuwa kubwa kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa bado mdogo ao wa katikati. Drenaji haikuleta madhara.

Hesabu hiyo inamhusu sana mgonjwa wa Congo. Mtu anayekaa mbali na kine hajakosa kila kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida iko katika kufunga, kuosha na kutembea, mambo ambayo muuguzi wa kituo cha afya na mtu wa familia wanaweza kujifunza. Na mwenye kulipia masaji bila bandeji ananunua sehemu ndogo ya matunzo kwa bei ya matunzo yote.

Utafiti mwingine, uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2009, ulifuata wanawake 141 waliovimba mkono. Zamani waliambiwa wasibebe kitu kizito maisha yote. Waliofanya mazoezi ya kunyanyua vitu, uzito ukiongezwa kidogo kidogo, mkono wao haukuzidi kuvimba, na mashambulio ya ghafula yalipungua. Kwa mama anayeishi kwa jembe na bidoni ya maji, maana yake ni kwamba kazi si adui, mradi aanze polepole, avae nguo ya kubana na akinge ngozi yake.

Sabuni, maji na viatu

Kinachomtesa zaidi mgonjwa wa mguu uliovimba si uzito tu. Ni zile siku ambazo mguu unawaka moto ghafula, homa inapanda, mwili unatetemeka na mtu hawezi kusimama. Wengi hufikiri ni malaria ao uchawi unaorudi. Ni vijidudu vilivyoingia kupitia kidonda kidogo ao mpasuko kati ya vidole. Kila shambulio huharibu mishipa mingine ya limfu, na mguu hubaki mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Nchini Ethiopia, watafiti walifuata wagonjwa 696 wa podokoniosi kwa mwaka mmoja na kutangaza matokeo mwaka 2018. Nusu walifundishwa kuosha miguu, kupaka mafuta ya ngozi, kufunga bandeji, kufanya mazoezi na kuvaa soksi na viatu. Wengine walingoja. Waliofundishwa walipata mashambulio karibu 19 kwa mwaka, na waliongoja karibu 24. Mashambulio 19 bado ni mengi. Lakini yale matano yaliyopungua ni siku nyingi za kazi, kwa mtu ambaye asipolima hali.

Matunzo ya nyumbani ni haya. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, mikunjo yote na kati ya vidole. Kausha vizuri kwa kitambaa safi bila kusugua, kwa sababu unyevu kati ya vidole huleta ukungu. Tafuta vidonda, tia dawa panapopasuka, kisha paka mafuta ya ngozi. Ukikaa, weka mguu juu ya kiti. Ukilala, weka kikwembe kilichokunjwa chini ya mguu. Zungusha kifundo, inua visigino, pumua kwa tumbo. Vaa viatu vilivyofunika mguu na visivyobana, hata shambani.

Siku ya shambulio, masaji yanasimama na bandeji inafunguliwa. Mguu unapoozwa kwa kitambaa chenye maji baridi, mgonjwa anapumzika, anakunywa maji mengi na kupewa paracetamol, na anapelekwa kwenye kituo cha afya kwa dawa ya kuua vijidudu. Drenaji hurudi shambulio likiisha.

Kuna mambo matatu ya kuachwa kabisa. La kwanza ni kuchanja mguu kwa wembe ili maji yatoke: kila mkato ni mlango wa vijidudu. La pili ni kukanda mguu kwa maji ya moto ao majani ya moto, kwa sababu joto huleta maji zaidi na ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mtu kusikia. La tatu ni kusugua kwa nguvu.

Dawa inafika, matunzo hayafiki

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, lilianza mwaka 2000 mpango wa kumaliza matende duniani. Mpango huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kugawa dawa kwa wakaaji wote wa sehemu zenye ugonjwa, kazi inayofanywa vijijini na wahudumu wa kijamii, wale wanaoitwa reko. Ya pili ni kuwatunza wale waliokwisha kuvimba. Togo, nchi ya kwanza ya Afrika chini ya Sahara kuthibitishwa mwaka 2017 kwamba imemaliza matende kama tatizo la afya ya jamii, ilipaswa kuonyesha kwamba sehemu zote mbili zinafanywa.

Huku kwetu, sehemu ya kwanza ndiyo inayojulikana. Reko anapita, anapima urefu wa watu kwa fimbo na kutoa vidonge. Vidonge hivyo ni vya lazima, kwa sababu vinazuia mbu kubeba ugonjwa hadi kwa watoto. Lakini havirudishi mguu uliokwisha kuvimba, na mwenye mguu huo, akiona amemeza na hakuna kilichobadilika, mara nyingine hukataa kumeza tena na kuwakataza jirani zake.

Wakine wengi wanafanya kazi mijini, katika hospitali kubwa, na kazi yao ya kila siku ni mifupa iliyovunjika na watu waliopooza. Vita vimeongeza shida. Familia inayokimbia usiku haibebi bandeji. Kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, bidoni moja ya maji inapaswa kutosha kupika, kunywa na kuosha watoto, na mguu wa mzee unakuwa wa mwisho.

Hata hivyo, kinachokosekana si kitu cha gharama ya hospitali kubwa. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa kutambua limfedema, kuonyesha namna ya kuosha na kufunga, na kumwonyesha mgonjwa drenaji nyepesi ya kujifanyia mwenyewe asubuhi na jioni: shingo, kwapa ao kinena, kisha mguu, kwa dakika chache. Reko anayeingia kila nyumba na vidonge anaweza kuandika pia nani amevimba. Hospitali inayopasua titi inaweza kumwambia mama, kabla hajarudi nyumbani, alama za kwanza za mkono unaovimba: pete inayobana, uzito, nguo inayokaza upande mmoja.

Mapema ndiyo wakati wenye faida kubwa. Mguu ambao bado unabaki na shimo ukibonyezwa unaweza kurudi karibu na ukubwa wake wa zamani. Mguu wa miaka ishirini, wenye vinundu na ngozi ngumu, hautarudi hivyo, lakini unaweza kuacha kunuka, kuacha kuwaka moto na kuingia katika kiatu. Kwa mtu aliyeacha kwenda kanisani, msikitini ao sokoni kwa sababu ya mguu wake, hilo si jambo dogo.